Kabla hujabeba kopo la vinyonga, jua ni vinyonga gani

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayevuka Horohoro kwenda Lunga Lunga anazijua karatasi zake. Mahindi yana cheti cha afya ya mimea, mbuzi ana kibali cha mifugo, na mzigo mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, mradi bidhaa yenyewe imo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi za Jumuiya. Tabu huanza mtu anapokukabidhi kopo la plastiki lenye matundu, lililofungwa kwa kitambaa, akakuomba umfikishie mwenzake ng'ambo. Ukiuliza kuna nini ndani, unaambiwa ni wadudu tu, au ni vijusi vya vinyonga visivyo na thamani.

Wakati mwingine ni kweli kwamba ndani mna vinyonga wadogo. Wapo vinyonga ambao hata wakikomaa urefu wao ni kama kidole cha mkono, wenye rangi ya majani makavu na mkia mfupi usiojikunja vizuri kama wa vinyonga wakubwa. Kwa makala haya tutawaita vinyonga vibete. Wanapatikana katika misitu na vichaka vya nchi zetu, na ng'ambo ya bahari wapo watu wanaowafuga sebuleni ndani ya makasha ya kioo, kama wengine wanavyofuga samaki wa mapambo. Wanaowafuga hulipa fedha nyingi kuliko anavyodhani mtu aliyeokota mnyama huyo shambani.

Mwanzoni mwa 2021 maofisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, walitangaza kwamba wamekamata vinyonga 74 kwenye mizigo ya abiria aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia. Walikuwa wamefichwa ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Walitoka milima ya Usambara, baadhi wakiwa na umri wa wiki moja hivi. Thamani yao katika soko la magendo ilikadiriwa kuwa yuro 37,000, yaani takriban yuro 500 kwa kila mmoja. Walipelekwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn, na watatu kati yao walikufa.

Mara nyingi anayekamatwa ni aliyebeba. Aliyeokota yuko msituni, aliyeagiza yuko mbali na simu yake imezimwa, na mwenye kopo mkononi ndiye anayeulizwa kibali kiko wapi.

Jina la mnyama ndilo cheti chake

Watu wengi huwaona vinyonga wote kuwa kitu kimoja. Kuna wanaowaogopa, kuna wanaoamini wana sumu (hawana), na kuna wanaowapiga mawe wakikutana nao njiani. Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba hata kwenye biashara vibete hawa waliuzwa muda mrefu kwa jina moja la jumla, bila mtu kujali ni aina gani wala wametoka mlima upi. Wataalamu wanawagawa katika makundi mawili, Rhampholeon na Rieppeleon, na ndani ya makundi hayo kuna aina nyingi. Kujua aina ni sawa na kujua mnyama ametoka wapi, na hapo ndipo mfanyabiashara anapopaswa kusikiliza kwa makini.

Tuanze na yule ambaye mpaka haumhusu. Rieppeleon kerstenii ni kinyonga wa vichaka na misitu mikavu ya pwani. Anapatikana kaskazini mashariki mwa Tanzania, nchini Kenya, na zaidi kaskazini hadi Somalia na Ethiopia. Jina lake linatokana na Otto Kersten, Mjerumani aliyefuatana na Baron von der Decken kwenye safari ya Kilimanjaro mwaka 1862. Ukimlinganisha na wenzake wa kundi lake mkia wake ni mrefu kidogo, na juu ya macho ana vijipembe vidogo. Kinyonga huyu huyu yupo pande zote mbili za Horohoro, kwa hiyo kumtazama tu hakukuambii ni wa Tanga au wa Kwale.

Binamu yake, Rieppeleon brevicaudatus, ni wa misitu ya mashariki mwa Tanzania. Alama yake iko kidevuni, ambako ana magamba yaliyochomoza kama ndevu chache za mzee. Mchana hukaa chini kwenye majani makavu, na usiku hupanda kijiti kifupi kulala. Miongoni mwa wafugaji wa Ulaya na Marekani huyu ndiye anayejulikana zaidi. Wa tatu katika kundi hili ni Rieppeleon brachyurus, wa kusini mwa Tanzania, Msumbiji na Malawi, ambaye hana zile ndevu. Jambo la kuchekesha ni kwamba majina ya hawa wawili yana maana moja, "mkia mfupi", la kwanza kwa Kilatini na la pili kwa Kigiriki. Kwa hiyo mtu akikwambia "yule wa mkia mfupi" bado hajakuambia kitu.

Kundi la Rhampholeon lina mambo zaidi, kwa sababu wengi wao ni wa mlima mmoja au miwili tu. Rhampholeon spinosus ana kirungu cha miiba laini puani, mfano wa ua lililofumba, na mwili wenye vijiba. Ukimwona mara moja hutamsahau. Anaishi Usambara pekee. Rhampholeon temporalis ni wa Usambara Mashariki, upande wa Amani. Rhampholeon viridis, ambaye jina lake lina maana ya kijani, ni wa Usambara Magharibi na Pare Kusini. Uluguru ina wa kwake, uluguruensis. Nguru ina acuminatus. Mahenge ina beraduccii, mmoja wa wadogo kabisa. Mulanje huko Malawi ina platyceps. Misitu kwenye milima hii imetengana kama visiwa baharini, na kinyonga wa kisiwa kimoja havuki mabonde makavu kwenda kingine.

Sasa weka hayo mezani kwa afisa wa forodha. Kopo lina spinosus, na karatasi inasema mzigo umetoka Kenya, au Msumbiji, au "shamba la kuzalisha" katika nchi ambayo spinosus hajawahi kuishi. Afisa mwenye picha nzuri kwenye simu yake hahitaji mahakama kumwambia kwamba karatasi inasema uongo. Pua ya yule mnyama imetaja Usambara kabla mwenye mzigo hajafungua mdomo. Kwenye bidhaa za kawaida tunahangaika na kanuni za uasili: kitenge hiki kimetengenezwa wapi, mchele huu umelimwa wapi? Kinyonga wa mlimani amezaliwa na jibu lake mwilini.

Upande wa magharibi mambo yamebadilika hivi karibuni. Kwa miaka mingi vinyonga vibete wa mashariki mwa Kongo, Uganda, Rwanda, Burundi na magharibi mwa Kenya walihesabiwa kuwa aina moja, Rhampholeon boulengeri. Miaka michache iliyopita watafiti walilichambua kundi hilo upya na kutaja aina sita mpya ndani yake. Mmoja amepewa jina nalubaale, ambalo ni jina la Ziwa Victoria kwa Kiganda. Mwingine anaitwa bombayi, kwa heshima ya Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara ambaye Wazungu wa karne ya 19 wasingefika mbali bila yeye. (Tukiwa kwenye majina: kuna kundi zima la vinyonga wakubwa zaidi linaloitwa Kinyongia, neno lililotoholewa moja kwa moja kutoka kinywani mwetu.) Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba kibali cha zamani chenye jina boulengeri huenda leo kikatiliwa shaka, kwa kuwa mnyama aliyeitwa hivyo jana anaweza kuwa na jina jingine leo.

Kuwatambua hawa wa magharibi kwa macho ni kazi ngumu, hata kwa mtaalamu. Hutumia kioo cha kukuzia, wakitazama kama kucha ina ncha moja au mbili, kama kuna kishimo kwapani au kinenani, na magamba ya juu ya macho yamepangwaje. Mara nyingine hulazimika kupima vinasaba. Rangi haisaidii sana, maana huyu ni kinyonga. Wala usitegemee ukubwa, kwani mtoto wa kinyonga mkubwa anaweza kuuzwa kama kibete. Picha tatu zilizopigwa karibu, ya pua, ya kidevu na ya ubavu mzima pamoja na mkia, zina faida kuliko maelezo marefu ya simu.

Sheria imebana kuliko ilivyokuwa

Mfanyabiashara mzoefu atasema kwamba zamani vibete hawa walipita bila maswali. Ana hoja. Karibu vinyonga wengine wote walikuwa tayari chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, lakini makundi ya Rhampholeon na Rieppeleon yalikuwa nje. Mwanya huo ulikuwa mkubwa, kwani mtu aliweza kuandika "kinyonga kibete" kwenye karatasi na kuchanganya humo alichotaka.

Mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliuziba. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka pendekezo, na kuanzia tarehe 2 Januari 2017 makundi yote mawili yamo katika Kiambatisho cha Pili. Biashara haikupigwa marufuku duniani, ila kila mnyama anayevuka mpaka wa nchi lazima awe na kibali cha nchi alikotoka, chenye jina la aina yake na herufi ya chanzo: W kwa aliyekamatwa porini, C kwa aliyezalishwa kifugoni, F kwa aliyezaliwa kifugoni bila kutimiza masharti ya C, na R kwa aliyechukuliwa porini akiwa yai au mchanga kisha akakuzwa. Akipelekwa Umoja wa Ulaya, kibali cha kuingiza nacho kinahitajika kabla mnyama hajapanda ndege.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia zote ni wanachama wa mkataba huo. Tena mpaka wa Namanga au Holili unahesabika kuwa mpaka wa kimataifa sawa na ule wa Vienna. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki limeondoa ushuru kwa bidhaa nyingi, lakini halikuondoa sheria za wanyamapori, na kituo cha pamoja cha huduma mpakani hakimaanishi kwamba sheria za nchi mbili zimekuwa moja. Mtu akimvusha kinyonga kutoka Muheza hadi Mombasa kisha akamwombea karatasi za Kenya kana kwamba ameokotwa Kwale, amevunja sheria za nchi zote mbili kwa safari moja.

Kwa upande wa Tanzania kuna jingine. Mei 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje kwa miaka mitatu, hatua iliyowaacha wafanyabiashara halali na wanyama mikononi na madeni benki. Muda ulipokwisha mlango haukufunguka. Juni 2022 ilitangazwa nafasi ya miezi sita kwa walioathirika, na siku chache baadaye waziri akaisitisha. Mtu anaweza kuona uchungu wa waliowekeza. Hata mimi nauona. Ila mwenye kopo pale mpakani hawezi kujitetea kwa uchungu huo. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 nchini Tanzania, na ya 2013 nchini Kenya, hata kumiliki mnyama wa porini bila kibali ni kosa.

Kama bado kuna anayedhani kwamba vyombo vya dola vinashughulika na pembe za ndovu tu, atazame kesi ya siafu wa Naivasha. Kwa hakika hawakuwa siafu. Walikuwa malkia wa sisimizi wanaovuna mbegu, zaidi ya 5,000, waliofungwa kwenye vichupa vyenye pamba. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Wawili walikuwa vijana wa Kibelgiji, mmoja Mvietnamu na mmoja Mkenya. Vinyonga vibete wako katika soko lile lile la wafugaji wa ng'ambo, na maofisa sasa wanalijua.

Wanakaa wapi, na wanakufa kwa nini

Aina ya mnyama inaamua pia kama atakuwa hai kesho. Kwenye magendo watu huwaweka pamoja kerstenii wa pwani, aliyezoea joto na ukavu, na spinosus wa Usambara, ambaye maisha yake yote ni ukungu, baridi ya asubuhi na vijiti vyembamba vya msituni. Kopo likiachwa chini ya kiti cha basi linalotoka Tanga mchana, yule wa mlimani ndiye anayekufa kwanza.

Mfugaji mwenye kibali humtengenezea kasha la kioo au la wavu laini. Kasha la sentimita 30 kwa 30 na kimo cha 45 linatosha dume mmoja na jike mmoja au wawili. Madume wawili wasikae pamoja, na aina mbili tofauti zisichanganywe, hata zikifanana kwa sura. Chini huwekwa udongo na majani makavu, kwa sababu Rieppeleon hutembea na kuwinda humo, na jike hufukia humo mayai yake machache. Spinosus yeye anahitaji vijiti vingi vyembamba na hewa inayopita. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope, kwa kuwa kasha lililofungwa huku limelowa huota kuvu, na kinyonga huugua mapafu.

Joto la nyuzi 18 hadi 24 linawafaa wa milimani, na usiku lishuke zaidi. Wa pwani huvumilia nyuzi chache juu ya hapo. Taa ya kuotea joto, ambayo wauzaji hupenda kuiuza pamoja na kasha, kwa hawa ni adui; taa hafifu ya miale ya urujuanimno inatosha. Hawanywi kwenye bakuli. Hulamba matone kwenye majani, kwa hiyo kasha hupuliziwa maji asubuhi na jioni. Chakula chao ni nzi wa matunda na nyenje wachanga walionyunyiziwa unga wa kalsiamu. Mnyama aliyetoka porini huwa na minyoo, na akibanwa kwenye kopo minyoo humzidi nguvu. Ndiyo maana mnunuzi makini wa Ulaya hutafuta aliyezalishwa kifugoni, na ndiyo maana pia wauzaji wa magendo hupenda kuandika herufi C kwa mnyama aliyeokotwa wiki iliyopita.

Yapo mambo ambayo wakala wa forodha, dereva au askari wa mpakani angefaa kuyajua pale kopo linapofunguliwa mbele yake. Ukimshika kinyonga kibete atatetemeka mkononi kama simu iliyoondolewa mlio. Huo si ugonjwa wala sumu; ndivyo anavyojihami. Afadhali asishikwe kabisa. Kopo litolewe juani mara moja na kuwekwa mahali penye kivuli na baridi, mbali na feni. Kila mnyama apate chombo chake chenye matundu na majani mabichi yaliyopuliziwa maji. Anaweza kukaa siku moja bila kula, ila bila maji hafiki mbali. Apigwe zile picha tatu, na kwenye chombo iandikwe amekutwa wapi na saa ngapi, kabla ya kumpigia afisa wa TAWA kwa upande wa Tanzania au wa KWS kwa upande wa Kenya.

Kumbukumbu hiyo ya mahali ina kazi zaidi ya ushahidi. Spinosus aliyekamatwa anajulikana ni wa Usambara, lakini hajulikani kama ni wa msitu wa mashariki au wa magharibi, na wahifadhi hawapendi kumwachia mnyama mahali ambapo huenda hakutoka. Akikosa maelezo hayo huishia kwenye kasha la bustani ya wanyama, kama wale wa Vienna.